Kabla ya kupanda meli ya poka: mambo ya kumaliza ukiwa bado nchi kavu

Tangazo la safari ya poka, yaani safari ya meli ambayo watu huenda kucheza mchezo huo wa karata kwa fedha, huanza na picha ya meli na huishia na zawadi ya mshindi. Katikati kuna jedwali dogo la ratiba, na hilo ndilo la kusoma kwanza. Hesabu siku za bahari, yaani zile ambazo meli haitii nanga popote. Kasino ya melini kwa kawaida hufungwa meli ikiwa gatini na hufunguliwa ikishatoka kwenye maji ya nchi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unairuhusu nchi kuweka mpaka wake hadi maili 12 za baharini, kama kilomita 22 kutoka pwani. Zipo bandari ambazo sheria zake huachia kasino iendelee, lakini usipange safari kwa kuzitegemea. Kwa hiyo safari ya siku saba inayopita bandari tano ina siku mbili tu za kucheza mchana kutwa. Zilizobaki ni michezo ya usiku, ukiwa umechoka kwa kutembea juani. Kama mmoja wenu anapenda meza na mwingine anapenda miji, elewaneni juu ya jedwali hilo kabla hamjalipa.

Kisha jua unanunua safari ya aina gani. Iko meli ya kawaida ya kitalii ambayo ndani ya kasino yake huenda pakawa na meza moja ya poka. Meza hiyo yaweza kuwa ya umeme, isiyo na mgawaji, ambapo wachezaji kumi huzunguka skrini na kuchungulia karata zao kwenye kioo kidogo. Wengine wanaifurahia kwa kuwa haikosei hesabu na haidai bakshishi. Mimi naona poka bila kushika karata ni sawa na kunywa chai kwa mrija. Aina ya pili ni safari ambayo mwandaaji amechukua sehemu ya vyumba vya meli, akaleta wagawaji wake na kufungua ukumbi wake wenye ratiba ya mashindano. Hapa muulize kwa maandishi: ni lazima chumba nikinunue kwako ndipo niruhusiwe kucheza? Waandaaji wengi husema ndiyo, kwa sababu pato lao linatokana na vyumba hivyo. Aliyekimbilia bei nafuu kwa wakala mwingine anaweza kufika mlangoni akaambiwa ukumbi si wake. Ulizia pia umri. Meli nyingine huruhusu kucheza kuanzia miaka 18, nyingine 21, na nyingine hubadilisha kulingana na mahali zinapoanzia safari.

Usidhani kila meza itakuwa ya mchezo unaoujua. Mwaka 2002 mchezaji wa poka Kathy Liebert alishinda dola milioni moja za Marekani ndani ya meli ya kitalii, kwenye mashindano ya PartyPoker Million, na mchezo wenyewe ulikuwa Hold'em, poka ya karata mbili mkononi, ya dau lenye kikomo. Si ile isiyo na kikomo ambayo wengi wameijulia kwenye televisheni, ambapo mtu husukuma mali yake yote katikati ya meza na kumkodolea macho mwenzake. Kwenye dau lenye kikomo huwezi kumfukuza mtu kwa kumtisha, na anayetegemea vitisho hana silaha. Ukikuta ratiba imetaja Omaha, poka ya karata nne mkononi, au michezo ya kuchanganya, cheza nyumbani kwa dau dogo kwa wiki kadhaa kabla ya kuondoka. Angalia pia muda wa kila hatua ya mashindano, maana melini mara nyingi hatua huwa fupi ili fainali imalizike kabla ya bandari. Dau la lazima linapopanda kila baada ya dakika 15, mchezaji anayesubiri karata nzuri hulika taratibu hadi akaisha. Huko subira ni hasara.

Sasa fedha, na hapa nitakaa kidogo. Mchezaji wa poka halipi kasino kwa kushindwa nayo, kwa kuwa anacheza na wachezaji wenzake. Anailipa kwa makato. Nyumba, yaani kasino, huchukua sehemu ya kila dau la mezani, na asilimia 10 hadi kikomo fulani ni makato ya kawaida duniani. Melini hakuna nyumba ya pili ng'ambo ya barabara ya kushindana na hiyo ya kwanza, kwa hiyo usishangae kikomo kikiwa juu zaidi. Jambo la kufanya ni kuuliza makato hayo mapema, kisha kuyahesabu kama gharama ya safari, sawa na tiketi ya ndege.

Halafu kubali kwamba safari nzima ni fupi mno kwa ustadi kuonekana. Uwezekano wa kupata ree mbili mkononi ni mara moja kati ya 221. Mgawaji mzuri hugawa takribani mikono 30, yaani migao 30 ya karata, kwa saa, maana yake utakaa zaidi ya saa saba ndipo uzione, kwa wastani. Na ukizipata, ukakutana na aliyeshika wafalme wawili, mkafika mwisho wa karata, bado karibu mara moja kati ya tano atakushinda. Kwa siku mbili za bahari na usiku kadhaa, mchezaji hodari anaweza kurudi mikono mitupu na mchovu wa kubahatisha akashuka na kombe. Ndiyo maana fedha za meza lazima ziwe fedha ambazo tayari umeziaga. Si karo, si kodi ya nyumba, wala si nauli ya kurudi.

Njia ninayoipenda ni ya kizamani: bahasha moja kwa kila siku ya safari, kiasi kimeandikwa juu, zote kwenye kasha la chumbani. Ya leo ikiisha, leo imeisha. Ya jana iliyobaki haiongezwi kwenye ya leo. Utasema ni mambo ya kitoto, lakini fikiria mazingira. Meza iko hatua chache kutoka kitandani, haina saa ukutani, na kadi ya mlango wa chumba chako ndiyo hiyo hiyo inayolipia vinywaji, picha na, kwenye meli nyingi, hata chipu za kasino, vile vidude vya kuchezea badala ya fedha. Nchi kavu mtu aliyepoteza hulazimika kutoka nje na kutafuta mashine ya fedha, na katika kutembea huko hasira hupoa. Melini hakuna matembezi hayo. Nenda mapokezi siku ya kwanza ukaombe kadi yako isiruhusiwe kuchukua fedha za kasino, au iwekewe kikomo. Zaidi ya hivyo, kuchukua fedha za kasino kwa kadi hiyo mara nyingi hutozwa asilimia kadhaa juu, kwa hiyo unaanza kucheza ukiwa tayari umepoteza.

Unaposafiri na fedha taslimu, kumbuka forodha. Kuingia au kutoka Marekani na zaidi ya dola 10,000 ni lazima utangaze. Umoja wa Ulaya unataka hivyo hivyo kuanzia euro 10,000. Kuwa nazo si kosa, kuzificha ndiko kosa. Sheria hiyo inamhusu pia aliyeshinda usiku wa mwisho na kushuka asubuhi huku mifuko imevimba. Habari ya kodi ya ushindi ichunguze nyumbani, kwa mtu anayejua, kabla hujashinda chochote.

Na kama kamari imewahi kukutia madeni, au umewahi kudanganya ndugu zako kuhusu kiasi ulichopoteza, chagua likizo nyingine. Bahasha hazitakusaidia kwa wiki nzima unapoishi juu ya kasino.

Kuhusu hati, jambo linalowanasa watu ni viza. Ukianza safari katika nchi inayokudai viza, meli ikatoka kwenda nchi nyingine kisha ikarudi pale pale, umeingia mara mbili. Viza ya kuingia mara moja haitoshi. Angalia kila bandari hata usiyokusudia kushuka, na hakikisha pasi ina angalau miezi sita mbele baada ya tarehe ya kurudi. Bima iwe na matibabu na gharama za kusafirishwa kutoka melini, kwa kuwa zahanati ya meli hutoza na helikopta hutoza zaidi.

Kuchafukwa na bahari ni adui ambaye wachezaji humsahau. Kizunguzungu kile hutokea macho na sikio la ndani yanapotoa habari zisizopatana: sikio linasema tunayumba, macho yanasema ukuta umetulia. Na ukumbi wa kasino, usio na madirisha, ukiwa umeinamia karata mbili ndogo, ndipo mahali pabaya kabisa pa kuwa. Chukua chumba cha katikati ya meli na cha sitaha za chini. Omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, ndizo zinazopanda na kushuka, kama ncha za ubao wa kubembea, na katikati kunatulia. Kila mapumziko ya mashindano, panda juu ukautazame upeo wa bahari kwa dakika kadhaa.

Dawa zipo, ila zote zina bei yake mezani. Meklizini na dimenhidrineti huleta usingizi. Kibandiko cha skopolamini hubandikwa nyuma ya sikio angalau saa nne kabla na hufanya kazi hadi siku tatu, lakini huweza kukausha mdomo, kufifisha macho na kukulegeza. Mwenye glakoma, ugonjwa wa presha ya macho, asikiguse bila kauli ya daktari. Ushauri wangu ni kumwona daktari mapema na kuijaribu dawa nyumbani, siku usiyo na kazi. Kugundua kwamba huoni vizuri tofauti ya kopa na uru ukiwa tayari umelipa ada ya mashindano ni somo ghali.

Adui mwingine anakaa kwenye chipu zenyewe. Virusi vya noro, vinavyojulikana kwa kuharisha na kutapika melini, huenea kwa mikono, na hakuna kitu kinachopita mikono mingi kama chipu na karata. Dawa ya kusafishia mikono yenye alkoholi haiviwezi vizuri. Sabuni na maji ndiyo dawa. Osha kabla ya kula, na usile mezani hata kama mhudumu anakuletea sahani kwa tabasamu.

Nani utalala naye chumbani? Bei za meli hupangwa kwa watu wawili, na anayelala peke yake mara nyingi hulipia karibu kitanda cha pili. Ndiyo maana wachezaji huungana. Basi ungana na mtu mwenye saa zako. Anayerudi saa kumi alfajiri akisimulia jinsi alivyoonewa na karata ya mwisho ni mzigo kwa anayeamka mapema, na kinyume chake pia. Mkiwa marafiki au mke na mume, kubalianeni kabla kwamba mkikaa meza moja mtachezeana kama wageni. Kuhurumiana mezani huhesabiwa udanganyifu, na meneja wa ukumbi hatajali kwamba mna mahari. Vivyo hivyo lugha: mkono ukiwa unaendelea, kumbi nyingi hukataza lugha isiyo ya meza. Maneno mawili ya Kiswahili kwa mwenzako, hata kama ni kumwomba maji, yanaweza kukuletea onyo. Na jua kwamba ukitupa chipu moja kubwa bila kusema lolote, kwa kawaida umelipa dau lililopo, hujapandisha.

Mizigo nisiizungumzie sana. Koti jepesi, kwa sababu ukumbi huwa baridi. Dawa zako na mabadiliko ya nguo kwenye mkoba wa mkononi, kwa kuwa masanduku makubwa yanaweza kufika chumbani jioni. Pasi ya nguo na waya wa umeme wenye kinga ya mshtuko viache nyumbani, vitachukuliwa mlangoni.

Fika mji wa bandari siku moja kabla. Ndege ikichelewa mashindano hayakusubiri, na meli ndiyo kabisa. Siku ya kupanda kuna zoezi la dharura, na wapo wanaolikwepa ili wakawahi kujiandikisha kucheza. Meli ya kitalii Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, watu 32 walikufa, na baadhi ya abiria waliokuwamo walikuwa hawajafanya zoezi hilo bado. Baada ya hapo kanuni za kimataifa zilibadilishwa ili zoezi lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Nenda ukaijue njia yako. Simu iweke kwenye hali ya ndege, maana mtandao wa simu wa baharini hupita kwenye setilaiti na ankara yake inatisha. Saa yako iweke kwa majira ya meli, ambayo si lazima yalingane na ya bandari. Ratiba ya mashindano hufuata saa ya meli, na kapteni naye pia.

Tangu siku ya kwanza, uliza pia dirisha la malipo linafungwa saa ngapi usiku wa mwisho. Alfajiri meli inaingia kwenye maji ya nchi, kasino imefungwa, na chipu zilizobaki mfukoni mwako hazinunui hata kikombe cha kahawa gatini.