Jinsi ya kujua picha zote za ukurasa zimemaliza kulodi kwa JavaScript

Ukishatengeneza galari au slaida, ukaiuliza picha urefu wake ikakujibu sifuri, jua tu kodi yako imekimbia kabla picha haijafika. Wengi hapo wanaweka setTimeout ya kuchelewesha kodi sekunde mbili, tafadhali usifanye hivyo, mwenye intaneti nzito atakuta ukurasa umevurugika na mwenye intaneti ya kasi unamchelewesha bure.

DOMContentLoaded, lile tukio la brauza kumaliza kusoma HTML, haikusaidii, yenyewe haingoji picha. Tukio la load la window linangoja picha zilizoandikwa kwenye HTML, kwa hiyo kama ukurasa wako ni wa kawaida linatosha kabisa, ila zile zenye loading="lazy" (zinazolodi pale tu mtu anapokaribia kuziona) halizingojei, na picha ulizoongeza kwa kodi baada ya load kupita ndo basi tena, hazimo.

Njia ninayoiamini ni kuiuliza kila picha yenyewe:

```js
function subiri(picha) {
  if (picha.complete) {
    return Promise.resolve(picha.naturalWidth > 0);
  }
  return new Promise(maliza => {
    picha.addEventListener('load', () => maliza(true));
    picha.addEventListener('error', () => maliza(false));
  });
}

const zote = [...document.images]
  .filter(p => p.loading !== 'lazy');

Promise.all(zote.map(subiri)).then(majibu => {
  const mbovu = majibu.filter(j => !j).length;
  console.log('Tayari, zilizogoma ni ' + mbovu);
});
```

Huo mstari wa complete ndo roho ya kitu chote. Picha ikiwa kwenye keshi, yaani brauza ilishaihifadhi, inaweza kuwa imeshalodi kabla hujaanza kusikiliza, na load haiji mara ya pili, kwa hiyo usipouliza kwanza utangoja mpaka kesho na hutaona kosa lolote kwenye konsoli, ndo maana hili tatizo linasumbua sana, leo linatokea kesho halipo. Lakini complete inakuwa true hata kwa picha iliyogoma! Yenyewe inamaanisha brauza imemalizana nayo tu, basi ndo tunaangalia naturalWidth, ikiwa 0 ujue hakuna picha pale.

Na error usiisahau. Linki moja ikifa na hukuisikiliza, Promise.all nzima, ile inayongoja majibu ya picha zote, inaning'inia, na ukitumia reject badala ya kurudisha false basi picha moja mbovu inakuangushia zote.

Za lazy nimezitoa makusudi, zile za chini kabisa hazianzi kulodi mpaka mtu askroli karibu nazo, sasa utamngoja ashuke mpaka lini?

Picha za background kwenye CSS hazimo ndani ya document.images, kwa hizo tengeneza new Image(), weka onload na onerror kwanza halafu ndo src yenye linki ileile. Na kama unataka picha itokee bila kukwama kwama, tumia await picha.decode(), hiyo inangoja mpaka picha iwe tayari kuchorwa kwenye skrini, ila izungushie try na catch maana picha mbovu inarusha kosa.

Ukimaliza jaribu mara tatu: keshi ikiwa imezimwa na mtandao umepunguzwa kasi kwenye devtools (zana za wasanidi ndani ya brauza), kisha keshi ikiwa imewashwa, halafu haribu linki moja kwa makusudi uone kama ule ujumbe wa "Tayari" bado unatokea.