Somo: Jinsi ya kukadiria maji yanayopotea kwa mvuke kwenye bwawa la umeme

Wakuu, kwenye mabwawa ya umeme watu wengi wanapiga hesabu ya maji yaliyoingia na yaliyopita kwenye mitambo, alafu pengo linalobaki wanaliita uvujaji. Mara nyingi aliyeyabeba ni jua na upepo. Misri na Sudan walipogawana maji ya Nile mwaka 1959, kwenye wastani wa mita za ujazo bilioni 84 walitenga kabisa bilioni 10 kwa ajili ya hasara ya bwawa la Aswan, sehemu kubwa ikiwa ni mvuke. Kwaiyo hii sio hesabu ya pembeni. Shika kalkuleta.

Hatua ya 1: soma beseni la maji la kupimia mvukizo. Linalotumika sana ni beseni la bati la duara, upana sm 120.7, kina sm 25.4, linawekwa juu ya fremu ya mbao ili hewa ipite chini. Soma kila asubuhi saa ileile, na kipima mvua kiwe pembeni. Tuseme maji yameshuka mm 3 tangu jana na kipima mvua kina mm 4, basi mvukizo ni mm 7, sio 3, hapa ndo wengi wanaharibu. Ndege nao wanakunywa humo. Ukiweka wavu andika kwenye daftari kwamba upo, mana wavu wenyewe unapunguza mvukizo kidogo.

Hatua ya 2: zidisha kwa 0.7. Bati linapigwa na jua mpaka ubavuni, ziwa halina ubavu wa bati, ndo mana beseni linatia chumvi. Hiyo 0.7 iko poa kwa jumla ya mwaka, ila usichukue namba ya mwezi mmoja ukaanza kuitetea mbele za watu, kwasababu bwawa lenye kina linameza joto msimu wa jua kali alafu linakuja kulitoa miezi ya mbele wakati beseni limeshapoa zamani.

Hatua ya 3: eneo, na hapa naomba utulie. Usichukue lile eneo linalotajwa kwenye maelezo ya bwawa, lile ni la bwawa likiwa limejaa. Nenda kasimame kwenye ukingo wa bwawa la tambarare mwisho wa kiangazi, levo imeshuka mita mbili tu lakini maji yamerudi nyuma huko mbali, mbele yako ni matope yaliyopasuka na visiki, sasa pale unavukiza nini? Tumia jedwali la levo na eneo, kila mwezi na eneo lake. Kama jedwali huna, picha za satelaiti za Landsat ni bure, unachora ukingo wa maji mwenyewe.

Hatua ya 4: milimita mara kilomita za mraba mara 1,000, unapata mita za ujazo. Mfano wa kujifunzia: beseni mm 2,400 kwa mwaka, mara 0.7 ni 1,680, eneo la wastani km² 200, jibu ni mita za ujazo milioni 336.

Hatua ya 5: geuza kuwa umeme. Kimo cha maporomoko, yani urefu ambao maji yanashuka mpaka kwenye mitambo (mita), mara 9.81 mara ufanisi wa mitambo, gawa kwa 3,600. Kimo mita 80 na ufanisi 0.9 inakupa yuniti 0.196 kwa kila mita ya ujazo, yani karibu yuniti milioni 66 kwa mwaka. Ila maji ambayo yangemwagwa tu kwenye mafuriko usiyaingize humu.

MASWALI

Swali: Mkuu, mbona mvua inayonyesha juu ya ziwa hujaitoa?
Jibu: Inategemea unauliza nini. Kama umeshaihesabu kwenye maji yanayoingia, ukiitoa tena umeihesabu mara mbili. Na kama unataka hasara iliyoletwa na bwawa lenyewe, toa kile ambacho ardhi ilikuwa inatoa kabla ya kuzamishwa, mana miti na nyasi nazo zilikuwa zinarusha maji hewani. Kwenye mfano wetu ardhi ikiwa ilitoa mm 700, inabaki 980, yani milioni 196. Zote mbili ni namba halali, kosa ni kutosema umetumia ipi.

Swali: Paneli za sola za kuelea zinasaidia?
Jibu: Zinasaidia pale zilipofunika. Ukifunika asilimia 5 ya ziwa usitegemee kuokoa zaidi ya hapo. Los Angeles kule Marekani walimwaga mipira ya kuelea milioni 96 kufunika bwawa lao mwaka 2015, na lile bwawa ni la ekari 175 hivi, hata kilomita moja ya mraba halifiki. Ziwa Nasser, lile la bwawa la Aswan, lina kilomita za mraba kama 5,000.

Swali: Kwaiyo bwawa kubwa ndo linapoteza zaidi?
Jibu: Linganisha eneo na umeme. Ziwa Volta kule Ghana likijaa ni kama km² 8,500 kwa megawati 1,020 za bwawa lake la Akosombo. Bwawa la Three Gorges kule China ni kama km² 1,084 kwa megawati 22,500. Bonde jembamba lenye kuta ndefu linafunua maji kidogo juani. Ila Volta watu wanavua na kusafiri humo, kwaiyo mvuke wote usiutwishe umeme peke yake.

Swali: Sina beseni kabisa.
Jibu: Tafuta data za joto, unyevu wa hewa, upepo na mionzi ya jua, tumia fomula ya Penman. Upepo uwe umepimwa karibu na maji, ule wa nyuma ya kilima utakudanganya.