Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya Peke Yako, Ukilala Ndani ya Hiace

Anayesafiri peke yake hana dereva wa kupokezana naye usukani wala mtu wa kumshikia tochi gari linapoharibika, na kwa sababu hiyo matayarisho ya safari ya takribani kilomita 830 huanzia gereji, hayaanzii kwenye godoro na mapazia. Kabla ya kulipia Hiace iliyotumika, mlipe fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji, alale chali chini yake akitafuta kutu na uvujaji wa mafuta. Ikiwa injini ni ya dizeli yenye mkanda wa taimingi na muuzaji hana uthibitisho wa lini ulibadilishwa, ubadilishe, kwani ukikatika njiani unaweza kuiua injini nzima.

Matairi yasikudanganye kwa mistari yake mizuri. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka mingi hukauka na kupasuka hata kama halijatembea sana, na la akiba ndilo ambalo husahaulika kabisa.

Ndani ya gari, vitu vizito viwekwe chini na vifungwe, maana dumu moja la lita 20 la maji lina uzito wa kilo 20, na ukifunga breki ghafla litakufuata. Taa na feni ziwe na betri yake, ili asubuhi usikute gari halina nguvu ya kuwaka. Jiko la gesi lipikiwe nje; kulitumia kama kipasha joto huku umefunga vioo ni kuhatarisha maisha, hata kama baridi ya Makambako mwezi Julai itakushawishi.

Igawe safari katika siku tatu: Dar es Salaam hadi mji wa Mikumi, kisha Iringa, kisha Mbeya. Siku ya kwanza barabara hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na hapo upite mchana kwa kuzingatia mwendo uliowekwa, kwa sababu wanyama huvuka wapendavyo na kumgonga mmoja kuna faini.

Siku ya pili, baada ya Ruaha Mbuyuni, utaupanda mlima Kitonga. Hiace iliyojaa mizigo huchemka kwa urahisi hapo, kwa hiyo zima kiyoyozi, panda kwa gia ndogo na uangalie mshale wa joto kuliko unavyoiangalia mandhari, ingawa mandhari yenyewe ni ya kuvutia. Mshale ukipanda, tafuta mahali salama pa kuegesha, na usifungue kifuniko cha rejeta kabla injini haijapoa. Ukirudi utateremka mlima huohuo. Ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, kwani anayetegemea breki peke yake huzichosha mpaka zikakataa. Matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani ni onyo kwamba mbele kuna lori limeharibika, pengine mara tu baada ya kona.

Jua linapokaribia kuzama uwe umekwisha egesha. Mimi hupendelea ua wa nyumba ya kulala wageni wenye uzio na mlinzi, ambako kwa makubaliano mazuri utapata pia choo na maji ya kuoga. Kando ya barabara kuu, malori hupita usiku kucha na hakuna anayejua uko hapo. Egesha ukielekeza uso wa gari getini, funguo uziweke mahali palepale kila usiku, kisha mpigie ndugu mmoja umtajie mahali ulipo na saa utakayoondoka kesho.