Kuhamisha Thunderbird: beba folda nzima

Nafanya hesabu za maduka hapa Morogoro, na ankara nyingi hunifikia kwa barua pepe, ninazosoma kwa Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta. Mwaka 2019 nilimpa fundi laptopu yangu aipige Windows upya. Akaniuliza, "Dada, kuna kitu cha kuhifadhi?" Nikamwonyesha nyaraka na picha tu. Barua pepe niliamini ziko mtandaoni. Kumbe akaunti yangu ilikuwa ya POP, njia inayoshusha barua kwenye kompyuta yako, na ilipangwa kufuta barua kwenye seva kila ikishazishusha. Ankara za miaka minne zikaenda na maji.

Kwa hiyo kwanza angalia akaunti yako ni ya aina gani. Fungua Account Settings, kisha Server Settings. Ukikuta IMAP, njia inayosoma barua zikiwa kwenye seva, barua zenyewe zipo kwenye seva, na unachohamisha zaidi ni mipangilio, anwani na vichujio. Ukikuta POP, huenda nakala pekee duniani ni hiyo iliyo mbele yako. Usikubali mtu aiguse diski kabla hujamaliza.

Funga Thunderbird kabisa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA% halafu Enter. Utaona folda iitwayo Thunderbird. Nakili folda hiyo yote kwenye flashi, usichaguechague. Ndani yake prefs.js imebeba mipangilio ya akaunti, abook.sqlite ina anwani, na logins.json pamoja na key4.db zina nywila.

Flashi ndiyo huwasumbua wengi. Nyingi zimefomatiwa FAT32, ambayo haipokei faili linalofika GB 4, na Thunderbird kwa kawaida huweka Inbox nzima katika faili moja. Langu lilikuwa limefika GB 5 na kidogo, likagoma. Kumbe barua unazofuta hubaki ndani ya faili mpaka ubonyeze Compact Folders kwenye menyu ya File. Nilipofanya hivyo likashuka hadi GB 3. Lako lisiposhuka, toa kwanza vilivyomo kwenye flashi uviweke kwingine, kisha uifomati kwa exFAT, ambayo hupokea faili kubwa. Menyu ya Tools nayo ina Export, lakini zipu yake inaishia GB 2, ndiyo maana mimi nanakili kwa mkono.

Kwenye kompyuta mpya, sakinisha Thunderbird ya toleo lilelile au jipya zaidi. La zamani litakataa kufungua data yako. Ifungue mara moja, usiweke akaunti, ifunge. Rudi %APPDATA%, ondoa folda ya Thunderbird uliyoikuta, weka yako mahali pake. Ikifunguka tupu, usishtuke: nenda Help, kisha Troubleshooting Information, bofya about:profiles, chagua profaili (folda yenye barua na mipangilio yako) ya zamani iwe ya kuanzia, halafu uiwashe Thunderbird upya. Akaunti ya Gmail inaweza kukutaka uingie tena. Hilo ni la kawaida.

Jitumie barua moja, uipokee, kisha tafuta ankara ya zamani kabisa unayoikumbuka na ufungue kiambatisho chake. Kikifunguka, futa ile folda kwenye flashi ikiwa bado iko mikononi mwako, kwa sababu kama hukuweka Primary Password, yaani nywila kuu inayofunga nywila nyingine, yeyote atakayeiokota anaweza kusoma nywila zako. Kompyuta ya zamani mimi huiacha wiki mbili bila kuigusa, ndipo namwita fundi.