Kumchagulia mtoto poti na vifaa vya kuachia pampasi

Hatua ya 1: Anza na choo chako

Kabla ya kwenda dukani, kakitazame choo chako. Kama ni cha kuchuchumaa, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za kupanga hapa Mwanza, iwe Mabatini, Igoma au Buhongwa, poti peke yake inatosha. Kile kiti kidogo cha kupachika juu ya choo cha kukaa kitaishia kuchezewa uani. Kama choo kiko nje na mnachangia na wapangaji wengine, chukua poti yenye mfuniko, maana saa nane za usiku hakuna atakayeshuka kwenye mawe kwenda kumwaga.

Mtoto naye awe tayari: mchana anakaa mkavu kwa muda wa kama saa mbili, anachuchumaa na kuinuka mwenyewe, na anaonyesha kwamba haja inakuja. Wengi hufika hapo kati ya miezi 18 na miaka 3. Bado? Tunza pesa yako.

Hatua ya 2: Pima mguu

Msimamishe bila viatu, pima kwa futikamba kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti. Kimo cha poti kiwe pungufu ya hapo kwa vidole viwili. Akikaa, nyayo zote ziguse sakafu na magoti yapande kidogo kuliko nyonga. Mkao huo ndio unaorahisisha haja kubwa.

Hatua ya 3: Chagua poti

Hapa ndipo pesa inapopotea. Kuna poti za kipande kimoja, na kuna zenye bakuli la ndani la kuchomoa. Muuzaji atakusogezea ya bakuli, kwa kuwa inapendeza na bei yake imechangamka. Si mbaya, ila ina ugonjwa wake: mkojo hupenya kati ya bakuli na kiti, unatuama chini kule usikoosha kila siku, na baada ya muda chumba kizima kinanuka huku bakuli linang'aa. Watu hubadilisha sabuni, hufua mazulia, humgombeza mtoto, kumbe kasoro iko kwenye umbo la poti.

Basi ijaribu kabla ya kulipa. Omba maji nusu glasi, kama mililita 120, ambayo ni takribani uwezo wa kibofu cha mtoto wa miaka 2. Yamwage kwa mkupuo mmoja kwenye ukuta wa mbele, pale mkojo unapopiga. Ukimwaga katikati kila poti itafaulu. Kisha chomoa bakuli, papasa chini kwa kidole. Ukikuta unyevu, irudishe. Bakuli zuri lina mdomo uliokunjwa ukaufunika ukingo wa kiti pande zote. Lililozama ndani na kuacha mwanya, hata mwembamba kama ukucha, litavujisha. Usidanganyike na mpira wa kuzibia uliobandikwa kwa gundi, kwani hubanduka kwa kuoshwa mara kwa mara. Muuzaji akikunyima maji, duka la pili haliko mbali.

Kwa mtoto wa kiume kuna suala la kinga ya mbele ya kuzuia mkojo usiruke nje. Iwe sehemu ya ukingo wenyewe, imeinuka sentimita 3 hadi 5 na kingo zake ni za mviringo. Ile ya kuchomeka huchomoka, na mtoto akikaa kwa pupa humkwaruza pabaya. Akishaumia hapo anaweza kuigomea poti kwa wiki nzima. Hata kinga nzuri haitoshi asipofundishwa kuinama kidogo na kuelekeza chini.

Kwa nyumba inayotumia maji ya ndoo, mimi nasimama na kipande kimoja. Mkojo hauna pa kujificha, na kopo moja la maji linaisuuza. Udhaifu wake ni kitako chembamba: bonyeza ukingo mmoja kwa kiganja, halafu wa mbele, maana mtoto akiinuka husukuma mbele. Ikinyanyuka upande wa pili, iache. Ikiwa imetulia ila inateleza kwenye marumaru, gundisha chini vipande vitatu vya tyubu ya baiskeli.

Pitisha kidole kwenye ukingo wote. Penye mkwaruzo sugua kwa msasa laini. Chukua rangi nyeupe au nyingine isiyokoza, kwa sababu poti nyeusi au ya bluu iliyokoza huficha damu, kamasi na minyoo, vitu ambavyo mzazi anapaswa kuviona mapema. Poti za muziki na zenye umbo la gari? Mtoto hukaa kucheza, haja anaimalizia pembeni.

Hatua ya 4: Kama mna choo cha kukaa

Pima tundu la choo kwa ndani, urefu na upana, kwani mengine ni duara na mengine ya yai. Kiti cha mtoto kiwe na vizuizi vya mpira chini, kisisogee ukikisukuma. Lazima pia pawe na kistuli: miguu ikining'inia, mtoto anakosa pa kujikazia na choo kinakuwa kigumu. Kwa choo chenye kimo cha sentimita 40, kistuli cha 18 hadi 20 huwafaa wengi.

Hatua ya 5: Nguo

Chupi za pamba nane hadi kumi, saizi moja juu, na bukta za lastiki. Zipu, mkanda na ovaroli viwekwe kando. Bukta za mtumba za soko la Mlango Mmoja ni nzuri sana kwa kazi hii. Chupi nunua mpya.

Hatua ya 6: Kumwaga na kuosha

Kinyesi cha mtoto kiende chooni, chote. Wanaokaa kando ya Ziwa Victoria, kama Kirumba, Igombe au visiwani, wasisuuzie poti ziwani hata kama ziwa liko mlangoni: mayai ya kichocho yaliyo kwenye kinyesi au mkojo huanguliwa majini, vimelea huingia kwenye konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya yeyote anayeoga au kuchota pale.

Suuza kwanza, mwaga chooni, sugua kwa sabuni, ndipo upake Jik kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, dakika kumi, halafu suuza tena. Usimimine Jik juu ya mkojo. Hutoa hewa inayochoma kifua. Weka kopo dogo la kutawazia (wasichana kutoka mbele kwenda nyuma), na kibuyu chirizi, yaani chombo cha kuning'iniza kinachochuruzisha maji ya kunawa, kwenye kimo anachokifikia mwenyewe.

Hatua ya 7: Usiku na safari

Usiku huchelewa kukauka kuliko mchana, hivyo tandika mpira wa kitandani chini ya shuka na kuukunjia chini ya godoro, na khanga kuukuu juu yake. Plastiki nyepesi ya mifuko usiitumie, inaweza kumziba pumzi. Kwa safari ya meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, beba poti ya kipande kimoja yenye mfuniko, chupi tatu na mfuko wa kuwekea zilizolowa. Pampasi ya kuvaa kama chupi iwe ya safari tu. Akiivaa nyumbani haoni tofauti na ile ya zamani.