Somo: Msingi wa nyumba unapotitia Tabora, na namna ya kumpata fundi wa kuutengeneza

Mvua za Tabora huanza Novemba na kukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Baada ya hapo ardhi hukauka mfululizo hadi Oktoba. Huku kulowa na kukauka huharibu misingi mingi kuliko uzito wa nyumba zenyewe. Ndiyo maana somo hili linaanza na kupima, linakwenda kwenye udongo na maji, na saruji inakuja mwisho. Fundi anayetaka kuanza na saruji, msimamishe kwanza.

Hatua ya 1: Soma ufa kabla ya kuuziba

Vijiufa vyembamba visivyofika milimita 1, vilivyotapakaa kwenye lipu, kwa kawaida ni lipu iliyokauka haraka bila kumwagiliwa. Hivyo achana navyo. Wa kuangalia ni ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kwenye maungio ya tofali, hasa unaoanzia pembe ya dirisha au mlango. Ukivuka milimita 5, usiuchukulie kama kazi ya fundi rangi. Ukivuka milimita 15, weka mirunda ya kuegemeza ukuta na umwite mhandisi wiki hiyohiyo.

Tazama pia ufa umepanuka wapi. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, kona au mwisho wa ukuta ndio unaoshuka. Ukiwa mpana chini, katikati ya ukuta ndiko kunakoshuka, au ncha zake zinainuliwa na udongo uliovimba. Ufa wa wima ulionyooka mahali chumba kipya kilipounganishwa na nyumba ya zamani unaonyesha misingi miwili inayokaa tofauti. Ufa wa mlalo karibu na paa mara nyingi hauna uhusiano na msingi. Ni paa linalosukuma ukuta usio na mkanda, yaani boriti ya zege inayouzunguka juu.

Pigilia misumari midogo miwili, mmoja kila upande wa ufa, upime umbali kati yake kwa venia (kipimio cha kubana chenye kusoma sehemu za milimita) kila baada ya wiki mbili. Andika kipimo na tarehe ukutani hapohapo kwa penseli. Wapo wanaogandisha kipande cha kioo juu ya ufa. Kinasaidia, lakini kikivunjika kinakuambia tu kwamba ukuta umesogea, wala si kwa kiasi gani.

Ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga masika ni wa udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba kwa maji na kusinyaa kwa jua. Ufa unaopanuka tu, bila kurudi, ni wa udongo laini unaoendelea kushindiliwa na nyumba au kuoshwa na maji.

Halafu linganisha usawa wa kona zote kwa mpira wa maji, kwa kuwa maji ya ncha zake mbili hukaa usawa mmoja. Uwe mweupe unaoonyesha ndani, wa mita 10 hadi 15, na usiwe na kiputo hata kimoja cha hewa. Tofauti ya sentimita 1 huenda ilikuwepo tangu ujenzi. Ya sentimita 3 kwenye kona yenye ufa, kona hiyo imeshuka.

Hatua ya 2: Chimba mashimo mawili, moja palipoharibika na jingine pazima

Hapa ndipo wengi huruka, na ndipo jibu lilipo. Chimba pembeni mwa kona iliyoshuka shimo la mita 1 kwa sentimita 80, hadi uone kitako cha msingi. Usiingize sululu chini ya kitako. Chimba jingine kwenye kona isiyo na ufa, kisha linganisha kina cha msingi, upana wake, mawe yamefungwa kwa saruji au kwa tope, na udongo ulioko chini. Ukikuta kona moja imekaa kwenye changarawe ngumu na nyingine kwenye udongo wa kujazia, umeshapata sababu.

Kupima udongo kwa mkono: loanisha kidogo, uviringishe kuwa uzi. Ukifika unene wa milimita 3 bila kukatika, una mfinyanzi mwingi. Kupima kuvimba: kausha udongo, utwange, uchekeche, pima mililita 10, umimine taratibu kwenye silinda ya kupimia yenye maji mililita 100. Uache saa 24. Udongo uliozama chini ukisoma mililita 15 au zaidi, uwe na wasiwasi. Ukifika 20, huo udongo ni mkorofi na hautaki mzaha. Kwa vipimo rasmi, ofisi za TANROADS (Wakala wa Barabara) za mikoa zina maabara za udongo. Ulizia utaratibu na gharama.

Hatua ya 3: Ondoa maji

Funga gata, na maji yake yatoke kwa bomba au mtaro hadi mita 3 au zaidi kutoka ukutani. Gata inayomwaga kwenye kona moja ni mbaya kuliko kukosa gata kabisa, maana maji ya bati zima yanachimba mahali pamoja. Kagua bomba la maji na shimo la choo: uvujaji mdogo wa miezi mingi hulainisha udongo hata wakati wa kiangazi.

Kisha zungusha nyumba kwa aproni, yaani ukanda wa zege chini nje ya ukuta: upana mita 1, unene sentimita 8 hadi 10, mteremko wa sentimita 5 kuelekea nje. Tandika nailoni nzito chini yake. Zege la aproni likate kila mita 2, na liache nafasi ndogo dhidi ya ukuta, ijazwe lami. Ukiishikiza aproni kwenye ukuta, ikisogea itavuta lipu.

Usijaze mchanga kwenye mtaro unaogusa msingi uliomo ndani ya mfinyanzi. Mchanga hupokea maji haraka, mfinyanzi hauyapitishi, na msingi unabaki umekaa bwawani. Rudishia moramu, ile changarawe nyekundu yenye udongo, uishindilie kwa matabaka ya sentimita 15.

Baada ya hapo subiri masika moja huku ukiendelea kupima. Nyumba nyingi hutulia hapa hapa.

Hatua ya 4: Kuongeza msingi chini, kipande kwa kipande

Kama baada ya masika hayo vipimo bado vinasogea, ndipo uje kwenye kazi hii, na uifanye kati ya Juni na Oktoba tu. Ukuta ugawe vipande vya mita 1, uvipe namba 1 hadi 5, uchimbe kwa mpango wa 1, 4, 2, 5, 3. Vipande viwili vinavyopakana visiwe wazi kwa wakati mmoja, hata kama kibarua anadai atamaliza jioni. Ukuta wa tofali za kuchoma hubeba daraja fupi la mita 1. Wa mita 3 hauwezi.

Chimba hadi udongo mgumu. Penye udongo wa mbuga, kitako kipya kishuke chini ya tabaka linalolowa na kukauka, jambo linaloweza kukupeleka mita 1.5 hadi 2. Kuishia sentimita 60 kwenye udongo huo ni kuzika saruji bure. Shimo likizidi mita 1.2, weka mbao za kuzuia kingo, udongo ulundikwe mbali mita 1, na asiingie mtu peke yake.

Zege liwe 1:2:4, yaani saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Kipande cha mita 1, upana sentimita 60 na kimo sentimita 60 ni mita za ujazo 0.36: saruji mifuko miwili na nusu ya kilo 50, mchanga toroli karibu 3 za lita 60, kokoto toroli 5 na nusu. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umelowa uyapunguze.

Acha nafasi ya sentimita 7 hadi 8 kati ya zege jipya na kitako cha zamani. Zege husinyaa likikauka, kwa hiyo ukilijaza hadi juu siku moja, baada ya muda linaachana na msingi na ukuta unashuka tena kiasi hicho. Baada ya siku mbili, jaza nafasi hiyo kwa mota (saruji na mchanga bila kokoto) kavu ya 1:3, yenye unyevu wa kushikamana tu ukiibana kiganjani, na uipigilie kwa kipande cha mbao hadi igome. Subiri siku 3 ndipo ufungue kipande kinachofuata.

Hatua ya 5: Ziba ufa

Ni mpaka vipimo vikae palepale masika nzima. Toa mota kwenye maungio kila baada ya kozi (mistari ya tofali) 4 hadi 6, laza nondo ya milimita 6 au 8 yenye urefu wa mita 1, nusu kila upande wa ufa, uifunike kwa mota ya 1:3. Juu yake waya wa kuku, kisha lipu.

Kumpata mtu wa kazi

Tenganisha anayepima na anayeuza kazi. Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi akague na aandike chanzo na mchoro. Mkandarasi au fundi atekeleze. Usajili wa mkandarasi uthibitishe Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kwa nyumba ya kawaida, mkandarasi wa majengo wa daraja la sita au la saba, ambalo ndilo la chini, anatosha. Kabla ya kazi pita ofisi ya mhandisi wa manispaa uulize kama unahitaji kibali.

Kama utamtumia fundi wa mtaani, na wapo wazuri sana, muulize matatu: utafungua urefu gani kwa mara moja? Utasubiri siku ngapi kati ya kipande na kipande? Kati ya zege jipya na msingi wa zamani utajaza nini, na lini? Anayejua atajibu bila kutafuta maneno. Anayesema "tutafungua ukuta mzima ili kazi iende haraka" anaweza kukuangushia nyumba. Anayetaja bei kabla ya kuona udongo anakisia kwa pesa yako. Omba kuona kazi yake iliyokwisha kupitiwa na masika angalau moja.

Andikianeni mbele ya mwenyekiti wa mtaa: kina, vipimo, mchanganyiko, siku za kusubiri. Vifaa nunua mwenyewe. Ufundi lipa kwa kipande kilichokaguliwa na kupigwa picha kabla ya kufukiwa, na asilimia 10 ibaki hadi masika yapite.

Maswali ya wanachama

Kutoka Igunga: Shikamoo mwalimu. Nyufa zangu hufunguka Septemba hadi kidole kinaingia, Januari hazionekani. Nijaze saruji kiangazi hiki?

Marahaba. Hapana. Ukijaza kitu kigumu ufa ukiwa wazi, udongo ukivimba ukuta hauna pa kurudi, utapasuka kwingine. Tengeneza gata na aproni kwanza ili unyevu chini ya nyumba usibadilike sana. Kwa sasa ziba kwa silikoni au masitiki inayonyumbuka, kuzuia mvua na wadudu. Na kidole kikiingia hapo ni zaidi ya milimita 10; mhandisi auone.

Kutoka Ipuli: Sebule imejengwa juu ya kichuguu kilichosawazishwa. Sakafu inabonyea katikati. Kumwaga dawa kunatosha?

Dawa inaua mchwa, haijazi mashimo waliyoacha. Vunja sakafu hapo, fukua vyumba vyote vya kichuguu hadi udongo usio na matundu, mwaga dawa ya mchwa kwa kipimo cha kwenye lebo, kisha jaza moramu tabaka la sentimita 15 kwa kila mshindilio. Kichuguu kikipita chini ya ukuta, usifukue huko bila kufuata hatua ya 4.

Kutoka Kiloleni: Fundi, mwembe uko mita 3 kutoka ukutani. Niukate?

Inategemea udongo. Kwenye kichanga unaweza kuukata bila hofu, ingawa mara nyingi haudai kukatwa. Kwenye mfinyanzi, kama mti ulikuwepo kabla ya nyumba, kuukata ghafla kunaacha maji uliyokuwa ukiyanywa yabaki ardhini. Udongo unavimba na kuinua upande huo kwa miaka kadhaa. Pima udongo, onyesha mhandisi, ndipo ushike shoka.

Kutoka Isevya: Lipu inabanduka nusu mita kutoka chini, ina unga mweupe. Ni kutitia?

Si kutitia. Ni unyevu unaopanda na chumvi. Huenda nailoni ya kuzuia unyevu haikuwekwa juu ya msingi, au udongo wa nje umelundikwa juu yake. Shusha udongo wa nje uwe sentimita 15 chini ya sakafu kwanza, kabla ya kupiga lipu mpya.

Kutoka Uyui: Msingi na kuta zangu ni mawe na tope. Hizo nondo za hatua ya 5 zitashika?

Hazitashika, dada. Tope halina nguvu ya kuikamata nondo. Toa tope la nje kwenye maungio kwa kina cha sentimita 3 hadi 5, eneo dogo dogo, ujaze mota ya saruji, chokaa na mchanga 1:1:6. Ukuta uliopasuka vibaya ujenge upya sehemu hiyo, paa likiwa limeegemezwa kwa mirunda, na uufunge juu kwa mkanda wa zege wenye nondo 4 za milimita 12 na ringi (nondo zilizokunjwa kuzifunga hizo nne) za milimita 8 kila sentimita 20.