Somo: Kutambua na kusafisha maganda ya mizinga ya zamani (soma mpaka chini kabla ya kuuliza)

Wiki hii nimeulizwa mara nne "unasafisha na nini?" na mara mbili "hili ni la vita gani?" Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Leicester, Uingereza, na ninayo maganda thelathini na kitu kwenye rafu ambayo mke wangu huiita kaburi la Mjerumani.

Tuelewane kwanza. Ganda ni kile chombo cha shaba ya njano kinachobaki nyuma mzinga ukishafyatuliwa. Kombora ni kile chenye ncha kilichoruka. Somo hili ni la ganda tupu. Kombora sishughuliki nalo, wala sifundishi.

Hatua ya 1. Hakikisha ni tupu. Mulika ndani kwa tochi. Kisha ligeuze utazame kitako: katikati pana fataki, ile sehemu inayopigwa na pini ili baruti iwake. Watu hudhani kishimo cha pini kinatosha kuwa ushahidi. Hakitoshi, kwani fataki yaweza kupigwa ikagoma. Mimi hununua lile ambalo fataki yake imeshatolewa, pakabaki tundu, na muuzaji anaandika kwenye risiti kwamba ni tupu. Ukikuta kombora limekaa mdomoni na huna karatasi ya mtaalamu, liache hapo hapo. Mwaka 2008 huko Virginia, Marekani, mkusanyaji mzoefu aliuawa nyumbani kwake akisafisha kombora la vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vya 1861 hadi 1865. Baruti ya zaidi ya miaka 140. Haikuwa imesahau kazi yake.

Hatua ya 2. Pima. Kipenyo cha mdomo kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, urefu kwa rula.

Mzinga wa Mwingereza wa pauni 18 (pauni ni uzito wa kombora lake, si bei), wa Vita vya Kwanza: mdomo milimita 84, urefu 295. Wa pauni 25, wa Vita vya Pili: 88 kwa 292. Hayo mawili ukiyaweka mezani yanafanana kama ndugu, na wauzaji huyachanganya kila siku, wengine kwa makusudi. Urefu hautakusaidia, mdomo ndio unaosema. La Mfaransa la milimita 75 ni refu, 350. La Mjerumani la 77 ni fupi, 227. La Bofors, mzinga wa kutungulia ndege, la milimita 40, ni jembamba, 311, na ndilo watu wengi walilogeuza chombo cha maua.

Hatua ya 3. Soma kitako. Hapa chukua muda, chai iwe karibu. Paka unga wa chaki kwa kidole, futa juu kwa kitambaa, unga utabaki ndani ya herufi. Mulika tochi kutoka ubavuni, si kutoka juu. La Mwingereza huwa na aina ya mzinga, mwaka, alama ya kiwanda, na mshale mpana ambao maana yake ni mali ya serikali. Ukiona CF, ni kordaiti (aina ya baruti), chaji kamili. Ikirudiwa, ganda lilijazwa upya na kurudishwa vitani. La Mfaransa huandikwa 75 DE C, yaani 75 ya kampeni. La Mjerumani mara nyingi hutaja kiwanda, kama Polte Magdeburg, pamoja na mwezi na mwaka. Piga picha sasa, kabla maji hayajaligusa.

Hatua ya 4. Osha. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini.

Hatua ya 5. Kutu ya kijani na madoa. Hapa ndipo nilipoharibu, nisikilizeni. Lilikuwa ganda la pauni 18 la mwaka 1915, nililonunua kwenye gulio la Jumapili. Nikakumbuka mamangu alivyokuwa akisugua dele la kahawa kwa ndimu na chumvi hadi ukijiona usoni. Nikasema, kama ndimu ni dawa, siki itakuwa dawa zaidi. Nikajaza ndoo siki na chumvi, nikalitumbukiza, nikaenda kulala. Asubuhi nikatoa kitu cha rangi ya ufizi. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Asidi huila zinki kwanza, nyekundu ikabaki juu peke yake. Badala ya kunyamaza na kosa langu nikafunga brashi ya waya kwenye drili. Uwaridi ukatoka, na tarakimu ya mwisho ya mwaka ikatoka nao. Leo kitako chake kinasoma 191. Nalijua ni la 1915 kwa sababu nilikuwa na picha, lakini nikifa mimi litakuwa la mwaka wowote.

Kwa hiyo:
– Usiloweke kwenye asidi. Si siki, si ndimu, si ukwaju, si kile kinywaji cheusi mlichokiona kwenye video.
– Brashi ya waya na msasa visikaribie kitako. Hata "kidogo tu".
– Soma chupa ya dawa ya kung'arishia. Ikiwa na amonia, irudishe dukani. Shaba ya ganda ilivutwa kwa nguvu kiwandani na bado ina mkazo ndani yake, na amonia huipasua kuanzia mdomoni. Waingereza walijifunza hilo India: maganda yaliyowekwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe msimu wa mvua, na kisa kilikuwa mvuke wa mkojo wa farasi.

Unachofanya ni hiki: mafuta laini ya mashine, acha usiku kucha, kisha chokoa kutu ya kijani kwa kijiti cha mianzi. Vaa glavu na barakoa, unga wake ni sumu. Rudia. Herufi zikisomeka, simama. Weusi uliobaki ni umri wake, uacheni.

Hatua ya 6. Kausha kabisa.

Hatua ya 7. Nta nyembamba, sugua kwa kitambaa cha pamba. Baada ya hapo usilishike kwa mkono mtupu. Jasho la vidole huacha alama.

MASWALI

Kijana wa Taveta: Kaka somo zuri. Mi nina kama hiyo lkn ina ncha, na pete nyekundu kiunoni. Tumeikuta tukichimba msingi. Inafungukia wapi?

Mwandishi: Haifungukii popote. Hilo ni kombora. Kama hiyo pete ina mikwaruzo ya mshazari, limeshapita kwenye mtutu likaruka na likagoma kulipuka, na hakuna baya kuliko hilo. Ondokeni, watoto wasisogee, piga 999.

Kijana wa Taveta: Lkn ni ya miaka mia sasa, si imeshaoza?

Mwandishi: Hukusoma hatua ya 1. Mwaka 2014 Ypres, Ubelgiji, mafundi wawili wa ujenzi waliuawa na kombora la Vita vya Kwanza. Nao walikuwa kazini tu. Piga simu.

Mzee wa Gulio: Bei ya la pauni 18 ni ngapi?

Mwandishi: Sisemi bei. Nikitaja, kesho wauzaji wote wameipandisha.

Fundi Bati: Kwa nini ujitese na nta kila mara? Piga vanishi, umemaliza.

Mwandishi: Vanishi ikichubuka mahali pamoja, kutu inaingia chini yake na kutambaa usiyoiona. Na kuitoa ni kazi kuliko nta ya miaka kumi. Wewe fundi unajua haya, unanichokoza.

Nasra: Samahani kwa swali refu. Pale Fort Jesus kuna mizinga miwili ya meli. Je, ina uhusiano na maganda haya?

Mwandishi: Dada, usiombe samahani, hili ndilo swali. Mmoja ni wa Königsberg, manowari ya Mjerumani, mwingine wa Pegasus, manowari ya Mwingereza, na hao wawili walikuwa maadui. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliikuta Pegasus bandarini Unguja ikitengenezwa, ikaizamisha. Kisha ikajificha delta ya Rufiji hadi Julai 1915, manowari za Mwingereza, Severn na Mersey, zilipoimaliza. Wajerumani wakaopoa mizinga yake kumi ya sentimita 10.5, wakaitia magurudumu na kuikokota nchi kavu. Waingereza nao walishaiopoa ya Pegasus. Basi ikapigana tena, mara hii porini. Mwingine wa Königsberg uko Pretoria. Ukikuta ganda lenye mdomo wa milimita 105 na maandishi ya Kijerumani kwenye nyumba ya zamani ya Dar au Tanga, nipigie picha ya kitako kabla hujaligusa.

Nasra: Ahsante sana. Naanza na kabati la babu.

Abuu Leicester: Naja Mombasa Desemba, nimpelekee mjomba moja kwenye begi?

Mwandishi: La. Kwenye mashine ya uwanja wa ndege halina tofauti na lililo hai. Utakosa ndege, na ganda utalikosa pia.

Kijana wa Taveta: Wamekuja askari, wamezungusha utepe. Wanasema tusilale nyumbani leo.

Mwandishi: Umefanya la maana, mdogo wangu. Tujulishe.

Bi Mwanaidi wa Tanga: Mwanangu, haya ya vita siyajui. Dele langu la kahawa nalisugua kwa ukwaju tangu nilipoolewa. Ndiyo naliharibu?

Mwandishi: Shikamoo bibi. Dele halina maandishi ya kupoteza, na kusugua kwa dakika mbili kisha kuosha si sawa na kulilaza kwenye ndoo kama nilivyofanya mimi. Endelea. Ila tazama ndani: ile rangi nyeupe ni bati. Kama limetoka na shaba inaonekana, usichemshie kahawa mpaka litiwe bati upya.

Bi Mwanaidi wa Tanga: Marahaba. Limetoka upande mmoja, kama kiganja. Na fundi wa kutia bati hapa mtaani alishafariki.

Fundi Bati: Bibi, mimi niko Pangani, Jumamosi nakuja Tanga. Usilisugue ndani kabla sijaliona.